Siku ya Kupima Watoto

...na kama mvua hii ingechelewa kidogo tu, saa hizi angekuwa ameshafika kule chini kwenye shamba la mikahawa, amejifanya anakwenda kujisaidia, halafu mguu niponye, mke atamkuta nyumbani na yatakwisha, lakini mvua ya Mabira haina adabu, imeshuka yote kwa mkupuo, imewasukumia watu wote barazani pa zahanati, akina mama na watoto wao mgongoni, na katikati yao yeye, Gaudiosus, mwanamume peke yake, amebanwa kwenye benchi kati ya ukuta na mama Eustadia, mbele yake pazia la maji, nyuma yao mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango mkewe, Kokushubira, yuko na Sista Adelgunda, anasema, anasema nini huyu mwanamke... mabati yanapigwa hata mtu hasikii kikohozi chake mwenyewe, anachopata ni sauti tu, inapanda, inashuka, neno hata moja halishikiki, na mama Eustadia naye yuko hapa sikioni, pole, waitu, ndugu yetu, mgonjwa wako anaendeleaje, tunamwombea, na Gaudiosus ameshajibu, anaendelea vizuri, mama, amejibu kabla ya kufikiri, maana ndivyo anavyojibu tangu mavuno ya kahawa, mgonjwa ni Kokushubira, Mabira nzima inajua hivyo, Kokushubira ana kichwa, Kokushubira ana mambo yake, na leo yeye ni mume mwema anayemsindikiza mkewe.

Mume mwema, haya. Afadhali wangekuja siku nyingine, lakini Sista mwenyewe ndiye aliyepanga, alisimama kanisani baada ya misa akasema wale waliofanya kazi mtoni mwaka jana, na walio nyumbani kwao, mke, mama, yeyote, waje siku ya kupima watoto, chumba cha mwisho, hakuna atakayeulizwa jina, la ndani litabaki ndani, na siku ya kupima watoto kwa sababu watu ni wengi, nani atajua nani amefuata nini... mpango mzuri kabisa, kwa mwanamke, mwanamke ana mtoto mgongoni na sababu yake inaonekana, lakini Gaudiosus apimwe nini hapa, atundikwe kwenye mzani alie kama wale watoto, Sista ni msomi, ila hili la wanaume lilimpita, na yule mama wa pembeni anamtazama, anacheka na mwenzake, au hawamcheki yeye, wanacheka yao, watu hucheka yao pia, basi mbona jasho linamtoka kwenye baridi hii.

Mtoni. Neno lenyewe hataki kulifikiria, lakini likishaingia halitoki, mtendaji wa kijiji alipita akitafuta wanaume wenye moyo, mto Kagera unaleta watu waliouawa ng'ambo, hauwezi kuachwa hivyo, wakaenda, yeye na Fidele na wengine, wakapewa glavu na gambuti, na gambuti zake zikapasuka siku ile ile, akaendelea pekupeku, Fidele anashika mabega, yeye anashika miguu, moja, mbili, twende, juu kwenye nyasi, Fidele ambaye wazazi wake walitoka huko huko ng'ambo, kibarua wa kahawa, mcheshi, alikuwa akigeuza kila uso autazame kwanza kwa sababu alikuwa na mashangazi kule, kila uso, hakuacha hata mmoja, na matope ya ukingoni yalikuwa laini, mguu unazama, huwezi kujua umekanyaga tope au umekanyaga... basi, basi, mvua hii, kwa nini haikatiki... na walipomaliza kazi Fidele alitoa kahawa mfukoni, buni moja, akaipasua, nusu akampa yeye, nusu akatafuna mwenyewe, akasema ya mtoni tuyaache mtoni, na Gaudiosus akatafuna akameza, na huku kwetu buni iliyopasuliwa kati ya watu wawili si mchezo, mababu walichanjana damu kwayo, anayeivunja tumbo linamvimba, kwa hiyo hajasema, kwa mkewe hajasema, kwa padri hajasema, kwa nani aseme, na Sista anasema njoo useme, Sista hakuitafuna ile buni.

Ungefikiri yangekwisha, akinyamaza. Yakakaa kimya mpaka siku ya kukamua rubisi, pombe ya ndizi, ya kipaimara cha binti yao Eugenia, mtumbwi wa kukanyagia umejaa ndizi mbivu na nyasi, wanaume wanaimba, mkanyagaji ni nani kama si Gaudiosus, waliyekuwa wakimwita mpaka Nyakasimbi kwa miguu yake hiyo, akanawa, akakunja suruali, akaingiza mguu mmoja, ndizi zikapasuka chini yake, laini, baridi, zikapita katikati ya vidole... na hazikuwa ndizi. Akasimama pale mguu mmoja ndani mmoja nje, wenzake wanaimba, kisha hawaimbi, kisha mtu anacheka, mwenzetu amelewa kabla ya pombe, na hakuweza kutoa mguu wala kuingiza mwingine, na hapo Kokushubira akaja, kwenye mtumbwi ambako wanawake hawaendi, akasema mbele yao wote kwa sauti kubwa kwamba yeye anaumwa, kichwa kinamzunguka, harufu ya rubisi inamtia wazimu, mumewe hatakanyaga ndizi mpaka apone, na watu wakamtazama yeye, wakamsahau Gaudiosus, na alipomshika mkono kumtoa akamnong'oneza sikioni, ndizi tu, baba Eugenia, ni ndizi tu.

Na tangu siku hiyo mgonjwa akawa mkewe. Wakamletea majani ya kuchemsha, kaka zake wakaja kuuliza kama arudishwe kwao, na huyu mama Eustadia, mwenye pole nyingi, aliacha kumpa mjukuu ambebe, ndiyo, huyo huyo mjukuu aliyelala mapajani mwake sasa, Kokushubira alikuwa akinyoosha mikono na bibi anageuka upande wa pili taratibu kana kwamba hakuona, na Kokushubira akirudi nyumbani anamenya ndizi, na yeye Gaudiosus aliona, aliona yote, akaenda kuchunga ng'ombe.

Ndizi tu... subiri. Ndizi tu, alijuaje? Wenzake wote walidhani amelewa, mwingine alidhani ana kichomi, mkewe alijuaje kwamba zilikuwa zimegeuka kitu kingine, hajamwambia, kwa kinywa chake hajamwambia... kinywa chake cha mchana, labda, lakini kile cha usingizini nani anakilinda, ndiyo maana asubuhi huamka koo limekauka, na mkewe yuko kitandani ameketi, anamtazama, anasema hapana kitu, lala. Basi ameyasikia. Yote, na matope, na Fidele na nyuso. Buni ilipasuliwa vipande viwili, cha Fidele na chake, na huyu anatafuna uchungu wake wote bila kupewa hata punje, na tumbo la Gaudiosus halijavimba, ni yeye anayekonda.

Sasa huko ndani anasema yapi kama si hayo, na amekuwa akija hapa tangu mavuno, kila siku ya kupima watoto, peke yake, ameyamwaga yote mbele ya Sista, yamekwisha, yamejulikana... yamejulikana na nani? Mabira hii, ambako kuku akitaga asubuhi jioni Rubwera wanajua, nani amewahi kumtajia mtumbwi na mto kwa pamoja? Mama Eustadia hajui, na lisilojulikana na mama Eustadia halijatoka nje. Miezi yote hiyo, na mlango huu wa mbao mbovu haujavuja. Na leo asubuhi mkewe alipokuwa akijifunga kanga alimwambia leo twende wote, akamuuliza kwa nini, akajibu, mimi nimechoka kuugua peke yangu, naye akadhani anataka wa kumshikia mwavuli. Mpumbavu. Ulikuwa ugonjwa wake, amebebewa kama mtoto mgongoni, na yeye ameketi hapa anatafuta upenyo wa kukimbilia kwenye mikahawa, mficha maradhi kilio humfichua, ila kilio chake kingeliliwa na mwingine.

Sauti ya mkewe imenyamaza, kisha imeanza tena, chini zaidi. Mvua ni ile ile. Benchi ni lile lile. Mama Eustadia amemgeukia, anamfuta mjukuu makamasi kwa ncha ya kanga, anasema usijali, baba, mgonjwa wako atatoka sasa hivi, mvua ikipungua utampeleka nyumbani akapumzike, na jibu lake lipo tayari ulimini, lile la siku zote, anaendelea vizuri, mama, lipo, ni kulitema tu...

"Kokushubira haumwi, mama," anasema, na sauti inatoka kubwa kuliko alivyotaka, kwa sababu ya mabati. "Mgonjwa ni mimi. Nasubiri zamu yangu."

Mlango bado umefungwa. Mama Eustadia anamtazama, anautazama mlango, anamtazama tena, halafu anamhamisha mjukuu kwenye goti lake la pili na kusogea, kama watu wanavyosogezana kwenye foleni, ili anayefuata akae karibu na mlango.