Kiti Alichoacha Taji

Taji alipopata kiharusi Oktoba ya mwaka 2007, Adela ndiye aliyempigia simu mkewe, ndiye aliyefuta miadi yote ya juma lile, na ndiye aliyeendelea kujibu barua kana kwamba mwenye ofisi ametoka kidogo tu. Alikuwa msaidizi wake kwa miaka kumi na mmoja. Taji alikuwa mbunge katika bunge la jimbo la Maryland, Mmarekani mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni ujanani na hakukiacha tena. Adela alikuwa mwanamke wa Bukoba, mwenye miaka hamsini na minne, aliyekuja kusoma, akaolewa, akapata uraia, akabaki.

Mwanzoni mwa Desemba Taji alijiuzulu. Mkono wa kulia haukurudi, na maneno yalimtoka moja moja. Uchaguzi ulikuwa mbali, karibu miaka mitatu, na kwa sheria za Maryland kiti kikiachwa wazi katikati ya muhula, wananchi hawaitwi kupiga kura. Kamati ya chama ya eneo husika huchagua jina na kulipeleka kwa gavana, naye gavana humteua mtu huyo.

Adela alikwenda kumwona nyumbani kwake, Temple Hills. Taji alikuwa amekaa dirishani, blanketi magotini.

"Dada Adela," alisema. "Jina... lako."

"Kaka Taji, mimi nimechoka."

"Sote... tumechoka."

Alirudi kwake Hyattsville akamweleza mumewe, Clement, aliyekuwa amefika tu kutoka zamu yake ya kuendesha basi.

"Kazi yenyewe unaifanya tangu zamani," Clement alisema huku akivua viatu. "Tofauti ni kwamba sasa watakujua."

Binti yao Anitha alidakia kwa Kiingereza kutoka jikoni kwamba mama asipoomba, asije akalalamika baadaye. Adela alijaza fomu usiku huohuo, kwa kalamu, bila furaha kubwa. Lakini alipoandika namba za nyumba zilizokuwa na ukungu ukutani, zile ambazo yeye na Taji walikuwa wakizitungia muswada wa kuwalinda wapangaji, aliona kweli anakitaka kiti kile. Hilo lilimshtua.

Kamati ilikutana Jumapili moja kabla ya Krismasi, alasiri, katika bwalo la shule. Wajumbe walikuwa ishirini na wanne. Waombaji walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa Dunstan, wakili mwenye asili ya Kenya, mwenyewe mjumbe wa kamati hiyo. Mwaka uliotangulia, Dunstan alipogombea ujumbe, Adela alimzungusha nyumba kwa nyumba na kumtambulisha kwa watu ambao hawakuwahi kumsikia.

Kila mwombaji alipewa dakika tano. Adela hakuhutubia. Alieleza habari za familia tatu na nyumba zao, akataja kifungu cha sheria kilichohitaji kubadilishwa, akakaa. Dunstan aliongea vizuri, akachekesha watu. Mwombaji wa tatu alitolewa katika raundi ya kwanza.

Raundi ya pili ilipigwa kwa sauti, jina kwa jina. Adela alihesabu vidoleni chini ya meza. Alipokwisha kujibu mjumbe wa ishirini na tatu, kura zilikuwa kumi na mbili kwa Dunstan na kumi na moja kwake. Aliyebaki alikuwa Dunstan.

Mwenyekiti akamwita.

"Dunstan," alijibu Dunstan, macho yakiwa kwenye karatasi.

Kumi na tatu kwa kumi na moja. Kanuni ziliruhusu mjumbe kujipigia kura. Angempa Adela, ingekuwa sare na raundi nyingine. Watu wachache walipiga makofi, wengine wakaanza kukusanya makoti.

Dunstan alimfuata Adela kwenye maegesho, baridi ikimtoa moshi mdomoni.

"Mama Anitha, tafadhali usini-misunderstand. Kila mtu angefanya hivyo."

"Labda."

"Uko na haki ya kukasirika."

"Sijakasirika, Dunstan. Ningekasirika kama ningekuwa na nguvu." Alifungua mlango wa gari. "Kitu kimoja tu. Ungeniambia mapema kwamba unakitaka. Nimelisikia hilo mle ndani, kama mtu yeyote."

Dunstan aliingiza mikono mifukoni. "Niliogopa utanishawishi nisiombe," alisema. Kisha, "Nataka ubaki kwa ofisi. Hiyo kazi siijui. Wewe ndio unaijua."

Adela alimwangalia. Aliona kwamba anasema kweli, na kwamba ukweli huo ndio uliomchosha zaidi ya kura. Alimwambia atampa jibu.

Siku ya pili alikwenda kwa Taji. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Machozi yalimteremka upande mmoja wa uso, upande ule uliokuwa bado unamtii, na Adela akamfuta kwa leso yake.

Alibaki ofisini mpaka barua ya gavana ilipotoka na Dunstan akaapishwa Annapolis, mji mkuu wa jimbo, katikati ya Januari. Siku zile Adela alimpigia simu kila mtu aliyekuwa na shida mezani kwake, watu arobaini na mmoja, kuwaeleza nani atawashughulikia sasa. Bi Chelagat, mzee aliyekuwa anafuatilia malipo yake ya ulemavu, aliuliza, "Huyo mpya anajua kusikiliza?"

"Atajifunza, mama," alisema Adela.

Kisha akamwonyesha Dunstan kila faili lilipo, akarudisha ufunguo, akaondoka. Machi alipata kazi ya nusu siku katika maktaba ya mtaani kwao.

Aprili, bunge lilipofunga kikao, Dunstan alipiga simu. Muswada wa wapangaji ulikuwa umekwama kwenye kamati ya bunge. Haukufika hata ukumbini.

"Nilijaribu," alisema. "Mwaka ujao tutaurudisha. Utanisaidia kuuandika?"

Adela alisimama katikati ya rafu, simu begani, vitabu mikononi. Zilimjia kichwani sababu nne za muswada kukwama, na majina ya wabunge wawili ambao wangeweza kuuokoa.

"Niache nipumzike kwanza, Dunstan," alisema. "Nipigie Septemba."

Akakata simu, akaendelea kupanga vitabu.