Nyuzi za Mjomba Mansur

Jalila alikizungusha tena kile kioo cha kuchuja mwanga, polepole, kama mtu anayefungua kufuli asilotaka lifunguke. Mwanga ukaupima uzi wa plastiki kwa urefu. Akasoma. Kisha kwa upana. Akasoma. Jibu lilelile! Na uzi uliovutwa sawasawa, bwana, hautoi jibu moja pande zote mbili. Molekuli zake hujipanga kama safu za swala msikitini. Hizi zilisongamana kama watu wa Likoni, lango la feri likifunguliwa.

"Jalila!"

"Abee, Mjomba."

Mjomba Mansur, msimamizi wa kiwanda, aliuziba mlango kwa kifua chake. Chumba hicho cha kupimia, huko Changamwe, hakikuwa na dirisha. Nje, lori la kupeleka Kongowea kamba zilizosokotwa kwa nyuzi hizo lilinguruma, likingoja neno lake Jalila tu.

"Haya, mwanangu. Zimepita?"

"Hazikuvutika, Mjomba. Mtambo haukupata moto. Kuli akizipandia shehena, zitamkatikia juu."

"Hebu ishike! Wallahi hii inafunga ng'ombe."

"Mkono hauoni, Mjomba. Mwanga ndio unaoona."

"Alaa! Nimekusomesha, sasa wanisomesha?" Akacheka, kisha sauti ikashuka. "Sikuungoja upate moto. Tulikuwa na haraka. Wenye kiwanda wakijua, mimi basi. Nawe ujue ugali wako watoka wapi."

Alijua. Tangu mamake afariki alilala Mtongwe katika nyumba ya mtu huyu, akala naye sinia moja. Akikimbia kazini, ataingia nyumbani kwake. Akikimbia nyumbani, atamkuta kazini. Na kwao mtoto hamwambii mjomba la. Husema inshallah, jambo likafa lenyewe polepole. Lakini lori halingoji inshallah.

Akachukua kipande cha kamba ile, akampita mjomba wake mlangoni kwa ubavu, akatoka. Akamrushia Kioko, dereva, aliyekuwa juu ya shehena.

"Ifunge kwenye chuma hapo."

Kioko akaifunga. Jalila akamtilia Mansur, aliyekuwa amemfuata nje, ncha ya pili mkononi.

"Panda wewe kwanza, Mjomba. Ukifika juu, nitasema zimepita."

"Mzee, panda tuone!" Kioko akacheka.

Mansur akaizungushia kamba kiganjani. Akaweka mguu mmoja juu ya tairi. Wa pili ukabaki chini. Ukabaki, hata Kioko akaacha kucheka.

"Jalila," akaita, taratibu, bila kugeuka.

Abee ikampanda hadi kooni. Akaizuia hapohapo, akiungoja mguu wa pili upande.