Kidole cha Jared

Mama yangu aliketi nje ya wavu wa gereza, Homa Bay, akiwa ameupa mgongo. Ndani, mume wangu Jared alikuwa kwenye benchi, akiutazama ukuta. Mimi nilisimama kati yao na karatasi ya rufaa mkononi, nikiwapelekea maneno ambayo kila mmoja alikuwa ameshayasikia. Kwetu Wajaluo mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, wala hawaitani kwa majina. Nililelewa katika heshima hiyo. Siku ile niliichukia.

Mwaka huo, 1965, mama alikuwa akipika chang'aa kule Masara, akiwauzia wachimba dhahabu, na ndani ya debe la wimbi alificha misokoto ya bangi. Nilijua, nikanyamaza, maana karo ya wadogo zangu ilitoka humo. Jared alikuwa mvuvi wa Mbita, mlokole asiyeweza hata kuvumilia harufu ya pombe. Alimpelekea mama samaki, akasimama uani kama ilivyompasa. Askari walipotokea, mama alitimua mbio akaingia kwenye mtama, na chungu kikabaki motoni. Ndani ya debe wakaikuta bangi.

"Ya nani hii?" wakamuuliza Jared.

Angesema nini? Kumtaja mama mkwe mbele ya watu, tena katika aibu kama ile, hakuweza. Akasema ni yake. Mbele ya hakimu akasema vilevile: chang'aa ameipika yeye, bangi anauza yeye. Akafungwa miaka mitatu.

Karani wa gereza, Mkisii mpole aitwaye Mochama, ndiye aliyeniandikia rufaa. Nilimweleza ukweli wote, akaupiga chapa. "Siku ni kumi na nne tu, mama," aliniambia. "Leo ni ya kumi na mbili, na huyu bwana yako anakataa kuweka kidole."

Ndiyo sababu kesho yake nilimleta mama.

"Mwambie mkwe wangu aweke kidole," mama alisema.

"Amesikia."

"Mwambie mama miaka mitatu si milele," Jared alijibu. "Nikimtaja kwa jaji, watoto wangu watakwenda kwa nyanya yao na uso gani?"

"Mwambie watoto hawali uso."

Mochama, aliyesimama kando na wino wake, alikohoa kuficha kicheko. Mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa na mimba ya miezi sita, na wengine watatu nyumbani walikuwa wakiniuliza baba yuko wapi. Hasira ikanipanda.

"Mama, ulikimbia ukamwacha."

"Nilikimbia," alisema. "Miguu ilinitangulia. Tangu siku hiyo sijalala."

Kisha akainuka, akageuka, akausogeza uso mpaka ukagusa wavu.

"Jared," aliita. "Weka kidole, mwanangu."

Katika miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake. Nilitamani ardhi inimeze. Jared alijiziba macho kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha wa kulia. Mochama alikishika kidole gumba chake, akakigandamiza kwenye wino, halafu kwenye karatasi. Jared hakuondoa mkono usoni mpaka mama alipokwisha kutoka.

Miezi miwili baadaye nilipanda meli na mama kwenda Kisumu kwenye rufaa; Jared alikuwa ameshapelekwa huko. Mama alijipaka mafuta, akavaa gauni lake la kanisani. Jaji, Mzungu mwenye sauti ndogo, alisoma karatasi kwa muda mrefu, kisha akauliza kama huyo Bathsheba aliyeandikwa humo yupo. Mkalimani hakuwahi kumaliza. Mama alikuwa ameshasimama.

"Ni mimi. Vyote vilikuwa vyangu. Yule alileta samaki."

Jared aliachiliwa kabla ya saa sita. Askari wawili walimjia mama, naye akawaomba wamngoje kidogo. Alivua leso yake ya mabegani akanifunika nayo. "Ziwani kuna baridi," alisema. Nilitaka kumshukuru, nilitaka pia kumwomba msamaha, lakini askari wakamchukua.

Nilikwenda Kisumu na mama, nikarudi na mume. Upepo ulikuwa mkali jioni ile, na Jared alikuwa na shati jembamba tu. Nikamtupia upande mmoja wa leso. "Ni ya mama," alisema, akaiondoa begani taratibu, akaikunja, akaniwekea tumboni juu ya mtoto.

Alitetemeka mpaka Homa Bay.