Ugonjwa au Urembo

Bitna, binti wa mdogo wangu wa mwisho, anakaa kwangu hapa Bucheon, Korea Kusini, ili amalize sekondari. Alikuwa akirudi kutoka shuleni na njaa ya kutisha. Haketi. Anafungua friji, anakula wali baridi na kimchi, kabichi chachu ya pilipili, akiwa wima, barakoa ikining'inia sikio moja. Nikamwuliza, kwani shuleni kwao wameacha kupika?

“Wanapika.”

“Basi?”

“Ili ule ni lazima uvue barakoa, Mama mkubwa.”

Ndipo nikamtazama vizuri. Chunusi zilikuwa zimeteremka mashavuni hadi kwenye taya, nyekundu, ngumu, nyingine zina usaha. Corona ilipita, wenzake wakatupa barakoa zao, yeye akabaki na yake. Siku aliyoivua kwenye bwalo la chakula, mvulana mmoja alipaza sauti: “Lo! Kumbe tapeli wa barakoa! Uzuri wote ulikuwa wa kufunikwa!” Meza nzima ikacheka. Tangu hapo mchana hali kitu.

Majirani nao wana udaktari wao. “Aache tambi za ramyeon.” “Anawe kwa maji ya mchele.” Mama wa ghorofa ya chini akahitimisha: “Akiolewa zitaisha zenyewe.”

“Wewe uliolewa,” nikamwambia, “mbona ulimi wako haujapona?”

Jumamosi nikampeleka kliniki ya ngozi karibu na stesheni. Ukutani kumejaa picha za mashavu yanayong'aa kama yai lililomenywa. Msichana wa mapokezi akauliza bila kuinua macho:

“Ugonjwa au urembo?”

“Chunusi. Zina usaha, zinamuuma.”

“Kwa ugonjwa hakuna nafasi mwezi huu, mama. Mkitaka kung'arishwa kwa leza, nafasi ipo sasa hivi.”

“Kwa daktari huyohuyo?”

“Huyohuyo.”

Damu ikanipanda. Mimi chuo sikukiona, vitabu nilijisomea mwenyewe, lakini tusi nalijua hata likivaa koti jeupe. Mwaka themanini na tatu nilikwenda kuomba kazi ya kupokea simu. Tangazo lilitaka msichana “mwenye sura nadhifu”. Bwana mkubwa akatazama chunusi zangu, akafunga faili, hata jina hakuniuliza. Nikaishia kiwanda cha mawigi. Wale walitaka ngozi safi ndipo wakupe kazi. Hawa wanataka ngozi safi ndipo waitibu! Nikayamwaga yote pale, kwa sauti ya mgomo wa kiwandani.

“Mtazameni mtoto huyu! Uso huu ni wa kung'arishwa au wa kutibiwa?”

Wakamtazama. Kila aliyekuwa kwenye viti vile akageuka.

Bitna akatoka. Nilimkuta kwenye ngazi, ameivuta barakoa hadi chini ya macho.

“Wamepata aibu yao,” nikasema nikihema.

“Nani? Wao wamesharudi kwenye simu zao. Aliyetazamwa ni mimi.” Akashuka ngazi moja. “Leo uliigombania kazi yako ile ya kupokea simu, Mama mkubwa. Mimi nilitaka dawa tu.”

Nikamfuata kushuka ngazi.

Bitna akajitafutia daktari mwenyewe. Nyuma ya soko kulikuwa na daktari mzee, wateja wake wenye fangasi za miguu na vipele vya mzio. Mlangoni Bitna akaninyooshea kidole.

“Wewe baki nje.”

Nikabaki. Alitoka na karatasi ya dawa, ya kupaka na ya kumeza.

“Kasema mwanzoni ngozi itakauka na kuwasha. Nafuu labda baada ya miezi mitatu. Na nisiziminye.”

“Miezi mitatu! Na chakula cha mchana je?”

“Hilo sikumwuliza.”

Tulipotoka duka la dawa akasimama kwa muuza kimbap, wali uliofungwa kwa mwani. Akala palepale kando ya njia, kila kipande akiinua barakoa na kuishusha tena, kama mtu anayefungua mlango kidogo aone ni nani anayebisha. Wavulana wawili wa shuleni kwao wakapita.

“Aa, tapeli! Leo unakula?”

Mkono wake ukaruka kwenye barakoa, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Mimi nilikuwa nimeshavuta pumzi niwafokee. Akanikanyaga mguu, kwa nguvu. Kisha akaiteremsha barakoa hadi kidevuni, akatafuna polepole akiwatazama. Machozi yalimlengalenga, akaendelea kutafuna. Sijui waliona haya au walichoka, wakaenda zao.

“Ninunulie kimbap nyingine,” akasema. “Na usiseme kitu.”