Chombo Kizee Hakizimwi

Opereta aliingia zamu ya asubuhi akiwa amemshika mama yake mkono, maana msichana wa kazi alikuwa ameondoka bila kuaga na mama hakuweza tena kuachwa peke yake na jiko. Akamkalisha kwenye chumba cha mitambo, karibu na dirisha, akamfunika miguu kwa shuka na kumwekea chupa ya chai. Kisha akageukia kompyuta kuona kama Bikizee ameamka salama.

Bikizee ilikuwa setilaiti. Kazi yake ilikuwa kwamba jua likitema upepo wake mkali, iuone kwanza, na kituo kiwaonye watu wa umeme na wa ndege kabla transfoma hazijaungua na redio hazijakufa. Iliundwa iishi miaka mitano. Sasa ilikuwa imepita ishirini, macho yake mawili yamepofuka, mafuta yamebaki ya kunusa, na kila mwaka iliongezewa muda kwa soda na makofi. Kazi ya kuitunza ilikuwa na sheria moja, imebandikwa ukutani: chombo kizee hakizimwi. Ukikizima ili kipumzike, hakiwaki tena.

Asubuhi hiyo Bikizee ilisema kote shwari. Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote na hakwenda mahali bila sindano zake. Alizimwaga kiganjani achague moja. Sindano zikasimama wima, zikageuka zote upande mmoja kama vifaranga waliomwona mwewe.

"Jua limekasirika," mama alisema. "Magoti yananiambia."

Mhandisi aliyekuwa akila mkate pembeni akamweleza vipimo vyao: sifuri ni shwari, tisa ni balaa. Mama akafikiri, akasema sita. Chai haijapoa, kipima sumaku cha uani kikaruka hadi sita. Mhandisi akafuta makombo mdomoni, akauliza kama bibi anaweza kuja na kesho.

Mkurugenzi alishuka kumwona mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuuma na kupuliza, hajawahi kupaza sauti kazini. Alimwamkia mama kwa heshima zote, akasema jungu kuu halikosi ukoko, akaagiza aletewe kiti chenye mto. Mama alifurahi. Tangu macho yamgomee kutunga uzi, hakuna aliyekuwa na haja naye. Opereta naye alifurahi, tusimsingizie. Aliona mama amepata pa kushinda na yeye amepona adha ya kutafuta msichana mwingine. Mama akaandikishwa kuwa chombo cha akiba. Vyombo havilipwi mshahara.

Mwezi uliofuata Bikizee ikanyamaza katikati ya taarifa. Mkurugenzi akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, akamtazama mama.

Kazi ile ilimla. Dhoruba kubwa ya kwanza ya jua ilimchukua mkono wa kushoto, ukabaki unaning'inia, mweusi hadi kwenye kiwiko. Hakuna aliyetaharuki. Chombo kizee kikipoteza kihisi kimoja unahamia kingine. Ndivyo wahandisi walivyofundishwa. Sindano zikahamishiwa mkono wa kulia. Ulipokufa wa kulia, zikapangwa juu ya magoti. Kila jioni opereta alimpaka mama yake mafuta kwenye ile mikono isiyohisi kitu, na kila asubuhi akamrudisha kwenye kiti.

Mchana mmoja mama akasinzia. Wazee husinzia. Dhoruba ya kipimo cha nane ikapita papo hapo bila kuonwa, na nusu ya mji ikakaa gizani siku kadhaa. Mkurugenzi hakufoka. Alimwita opereta, akamwonyesha ile sheria ukutani, kana kwamba hajaishi nayo ujana wake wote. Kuanzia sasa mama asirudi nyumbani, na asilale. Wa kumweka macho awe binti yake, kwa kuwa masikio ya mama yalikuwa yameshakufa kwa kila mtu, sauti ya mwanawe tu ndiyo iliyokuwa ikimfikia.

"Mkuu, yule ni mama yangu," opereta alisema.

"Kila mtu ana mama," mkurugenzi alijibu kwa huruma. "Lakini umeme ni wa wote."

Angeweza kumbeba akaondoka. Mlango ulikuwa wazi, na mama siku hizo alikuwa mwepesi kama furushi la nguo. Hakumbeba. Nyumba waliyoishi ilikuwa ya kituo, na opereta alikuwa na woga wa mtu aliyezoea kutii, woga unaojiita busara. Akavuta kiti, akaanza kumwita. Mama, amka. Mama, usilale. Kitambaa cha maji baridi usoni, kidole begani. Mama alivumilia huku akitaja namba zake, tatu, tatu, nne. Kisha akamgeukia.

"Mwanangu, mimi nilikuwa nakesha ili wewe ulale. Nipe kidogo tu. Kufumba na kufumbua."

Opereta alilia. Akasema samahani mama, akamtikisa bega.

Mama alikufa siku ya Alhamisi, kabla ya chakula cha mchana. Daktari wa kituo alitafuta mshipa, hakuupata. Alisikiliza moyo, haukuwepo.

"Tano," mama akasema.

Daktari akaandika yote mawili. Tangu hapo vipimo vikawa sahihi kuliko vyote vilivyowahi kutoka kituoni, kwa sababu maiti hasinzii. Mhandisi alisema laiti wangejua mapema.

Mjomba, kaka wa marehemu, alikuja na gari la kuchukua mwili. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mkurugenzi alimpa pole ndefu, kisha akamweleza kwamba mazishi yameahirishwa hadi setilaiti mpya itakaporushwa. Setilaiti hiyo imekuwa ya kurushwa mwakani tangu opereta akiwa mwanafunzi. Mjomba alikunywa chai, akamsikiliza dada yake akitaja namba, akauliza kama anaweza kusema umeme utakatika lini kule kwake. Akaondoka na gari tupu, mapema, awahi kabla ya foleni.

Maisha yakaendelea. Ndege zilitua, friji ziliunguruma, na watu mjini walizima taa zao wakalala. Opereta alipandishwa cheo, akawa mtunzaji mkuu wa chombo, na wenzake walimpongeza kwa moyo mweupe.

Siku moja jua lilikuwa limetulia na wenzake wamekwenda kula. Opereta akasogeza kiti chake, akakaa uso kwa uso na mama yake. Macho ya mama yalikuwa wazi, makavu.

"Mama, unanijua?"

"Mbili," mama alisema.

"Mama, umenisamehe?"

Safari hii mama alichelewa kidogo. Opereta akasogea karibu, hadi akaona sindano zikitetemeka juu ya magoti.

"Mbili."

Opereta akageukia kompyuta, akaandika mbili, akatuma.