Dakika Tatu za Verlene

Kulikuwa na jambo moja ambalo Verlene Stroud aliapa Marvella Kitch asilijue mpaka waingie kaburini wote wawili: kwamba Hoyt, mume wa Marvella, alizikwa kwa pesa za mkopo wa kausha damu, ule wa riba isiyokwisha.

Miaka mitatu ilikuwa imepita tangu siku ile ya msiba. Wenye nyumba ya mazishi walisema zimebaki dola mia tano, na bila hizo hakuna ibada wala shimo. Marvella alikuwa amejikunyata jikoni kwake, hana hata machozi. "Tulia, mwenzangu," Verlene akamwambia, "Delbert aliniachia bima kidogo." Bima gani, jamani! Delbert, marehemu mumewe, alimwachia fimbo za kuvulia samaki na deni la daktari wa meno. Verlene aliendesha gari maili kumi na nane mpaka mji wa pili, akaingia duka la mikopo ya mshahara, na dakika kumi hazikuisha akatoka na noti. Wiki mbili tu, walimwambia. Wiki mbili zikazaa nyingine, kila mara analipa ada na mkopo wenyewe uko pale pale. Akakopa duka la pili alipe la kwanza. Gari likaenda. Marejesho ya nyumba yakamshinda, na Februari hii nyumba nayo ikaenda. Watu aliwaambia ameipangisha, kwamba amehamia kwa dada yake Twyla, ng'ambo ya mto, kumuuguza nyonga. Wakaamini, au walijifanya kuamini.

Sasa duka la namna ile ile lilitaka kufunguliwa hapa hapa Tarlow, mahali palipokuwa na duka la viatu, na mji mzima haukuwa na habari nyingine.

"Waje tu," Marvella alisema asubuhi ile kwenye jiko la shule walikopika wote wawili, huku akikoroga sufuria la mchuzi mweupe. "Paa langu linavuja na benki wamenicheka. Siku wakifungua, mimi wa kwanza mlangoni."

"Watakunyonya, Marvella."

"Wanyonye nini, bibi wee? Nimebaki mifupa na mdomo."

"Basi mdomo wako hautaisha leo wala kesho."

"Ndio nitakaowalipa nao!"

Wasichana wa jikoni wakacheka mpaka wakashika meza. Verlene hakucheka. Pale pale akaamua: jioni, baraza la mji likikutana kupiga kura juu ya duka hilo, atasimama aseme. Atasema habari ya mkopo, gari na nyumba, aibu yake yote aianike mbele za watu, ila habari ya Hoyt ataimeza. Wakati wa mapumziko akaandika ukurasa mzima. Mkono ukamponyoka ukaandika yote, na mazishi humo humo, kwa hiyo pale pa mazishi akapazungushia kalamu nyekundu ili akifika aparuke.

Baraza lilikutana saa kumi na mbili jioni kwenye ukumbi wa zimamoto, jua bado liko nje. Watu walijaa mpaka mlangoni. Floyd wa kiwanda cha mbao alisema pesa ni zake na shida ni zake, baraza lisimfungie pochi. Mchungaji alisema wale ni mbwamwitu. Mama mmoja kijana, mtoto begani, akamgeukia: "Mwanangu akishikwa na pumu Jumatano na mshahara ni Ijumaa, wewe mchungaji utanikopesha?"

Kanuni ya Tarlow ni hiyo hiyo siku zote: unataja jina na unapoishi, unapewa dakika tatu, na asiye mkazi haongei. Wakili wa kampuni ya mikopo, kijana mwenye tai, alikuwa ameishikilia kanuni hiyo kama kupe, na watu wawili wa nje ya mji walikuwa wameshakalishwa.

Verlene akasimama. "Verlene Stroud, mia nne kumi na mbili, mtaa wa Sycamore."

Ruel Cantwell, meya, ambaye mchana kazi yake ni kusambaza barua, akaweka kalamu chini.

"Verlene," alisema polepole, "barua zako nazipeleka kwa Twyla tangu Februari."

Wakili akakohoa. "Bwana Meya, wale wawili tuliwakalisha."

"Najua tuliwakalisha, kijana, nina macho!" Ruel akafoka, kisha akamgeukia Verlene, uso umemshuka. "Kwa Twyla ni nje ya mpaka, dada yangu. Nisamehe. Ila mkazi anaruhusiwa kukusomea, kama yupo."

"Yupo," Marvella akasema, akasimama. "Lete hiyo karatasi."

"Wewe si uko upande wao?" Floyd akapiga kelele.

"Floyd, funga domo, hujaulizwa. Simkubalii hata neno moja, lakini hanyamazishwi na mtoto aliyefungwa tai na mama yake."

Watu wakacheka. Verlene aliishikilia karatasi kifuani. "Basi, Marvella. Acha tu. Nakaa."

"Unakaa nini, mwanamke? Umepiga pasi gauni lote hilo uje kukaa?"

Marvella akaivuta. Verlene akaivuta. Ukumbi mzima unawatazama. Akilini mwa Verlene lilipita jambo moja tu. Akiishika, siri yake inapona, na duka linafunguliwa, na Marvella ni wa kwanza mlangoni. Akaachia.

"Pale nilipozungushia—" alinong'ona, lakini Ruel alikuwa ameshazungusha saa ya kengele na Marvella ameshaanza.

Alisoma kwa sauti ile ya kuita watoto mia mbili waje kula. Alisoma habari ya mia tano zilizolipwa mara sita na bado hazijaisha. Ukumbi ukaguna. Alisoma habari ya gari. Kisha akasoma, "'Nyumba sikuipangisha. Imeuzwa,'" akainua macho. "Verlene?"

"Endelea, Marvella," Ruel akasema. "Muda."

"Haya. Hapa amepazungushia rangi nyekundu, naona ndipo anapotaka nipaze sauti." Akapaza. "'Sikukopea anasa. Rafiki yangu alikuwa na maiti ya mumewe, na nyumba ya mazishi wanadai mia tano. Nikamwambia ni bima ya Del—'"

Akakatika hapo. Midomo iliendelea kwenda bila sauti, mstari kwa mstari, mpaka chini. Halafu akarudi juu akaanza tena. Verlene alitazama ule mgongo mpana wa rafiki yake na akatamani afe pale pale.

Kengele ikalia. "Muda umekwisha," Ruel akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno.

Wajumbe wa baraza walipiga kura, watatu kwa wawili, duka likakataliwa. Watu wakamzunguka Verlene, wanampa mikono, mchungaji anamwita shujaa, naye anachungulia juu ya mabega yao akimtafuta Marvella. Alimkuta nje, ameegemea gari lake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungezikataa."

"Ningezikataa, ndiyo! Ningemchimbia Hoyt nyuma ya nyumba kwa koleo langu, na wewe ungekuwa na kwako." Marvella akapiga paa la gari kwa kiganja. "Uliniambia nichague jeneza zuri, Verlene. Mimi nikachagua lenye vishikio vya shaba. Vya shaba!"

"Nilipenda mwenyewe. Hukunituma."

"Njoo ukae kwangu. Chumba kipo."

"Kinavuja," Verlene akasema, akingoja kicheko.

Marvella hakucheka. Alifungua mlango wa gari, akaingia, akaondoka.

Jumatatu, kule jikoni shuleni, Verlene alikuta masufuria mazito yameshanyanyuliwa na meza yake imefutwa. "Umeamkaje, Bi Verlene?" Marvella akasema. "Kaa, hilo nitafanya mimi." Ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Jumatano. Hakumtania, hakumfokea, hakumwita mwanamke wala bibi wee. Ijumaa alimtia dola ishirini kwenye mfuko wa aproni na kusema asante, macho hayainui.

Wiki ya pili Verlene hakuvumilia. Alichukua trei nzima ya mayai, akasimama katikati ya jiko, akaiachia sakafuni makusudi. Wasichana wakapiga yowe. Yeye akamtazama Marvella, akangoja aitwe kipofu, aambiwe mikono yake imeoza, kama zamani.

Marvella alipiga magoti na kitambaa, akaanza kuokota maganda moja moja.

"Pole, dada," alisema. "Si kitu. Kapumzike."

Verlene akaingia kwenye stoo ya baridi, akafunga mlango, akalia.