Nadhiri ya Mto Mchafu

Jiwe lilikuwa limelowa mate. Halikuwa limelowa mafuta matakatifu kama alivyodai kiongozi wa watalii, wala maji yanayotoka mwambani yenyewe. Mate. Msomi alisimama mlangoni mwa pango, kitambaa puani, akitazama watu wazima wenye akili zao wakiinama mmoja baada ya mwingine kulibusu pale pale alipobusu mwenzake. Mwanamume mwenye mafua alibusu, akapiga chafya, akabusu tena. Nyuma ya huyo mwenye mafua alikuwa mama yake Msomi.

"Mama, usiliguse."

"Kwa nini, baba?"

"Lina mate ya watu."

Mama aliligeuzia shingo jiwe lile, akalikagua. "Mate tu?" akauliza. Kisha akalibusu mara mbili, moja yake na moja ya jirani aliyemtuma.

Msomi akakaza kitambaa puani.

Jina hilo la Msomi alipewa na mahujaji wenyewe, kikundi cha kanisa la kwao, mama yake akiwemo, kilichokuja kwa ndege kikakodi basi moja kuzuru mahali patakatifu. Yeye alikuwa hapo miaka mitatu, mwanafunzi wa mambo ya maji katika chuo kikuu cha nchi ile, na kwa kuwa alijua lugha ya wenyeji walimwomba awe mkalimani wao. Hakuwa mgeni wa sehemu hizo. Kila likizo alikuwa akijitwika begi na kwenda kuyaona magofu na makaburi ya kwenye Biblia, na kila mara alirudi amechafukwa na roho. Alikuwa ameona mishumaa ya waombaji ikizimwa mara tu wanapogeuza kisogo, ikatupwa kwenye ndoo, ikayeyushwa na kuuzwa upya. Alikuwa ameoneshwa kaburi la nabii mmoja katika miji miwili tofauti, na katika miji yote miwili mlinzi alikuwa na machozi tayari.

Lakini safari hii hakuja kwa ajili ya magofu. Alikuja kumzuia mama yake asiingie mtoni.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Msomi alipokuwa mchanga, hajaota hata jino, alishikwa na homa ikamkausha mpaka daktari akasema mtoto arudishwe nyumbani akafie kwao. Mama yake alikuwa mfugaji wa nguruwe. Nyumba ilijaa watu waliokuja kulia kabla ya wakati, basi akaenda na mtoto wake bandani, mahali pekee pasipokuwa na mtu, akapiga magoti kwenye samadi akasema: "Mungu, ukiniachia huyu, nitamzamisha kwa mkono wangu katika mto ule wa manabii." Mtoto akapona. Akakua akiisikia nadhiri hiyo kama watoto wengine wanavyosikia hadithi za sungura. Hakuijali, kwa sababu mto ulikuwa mbali, na mama yake hajawahi kupanda hata boti.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Chuo kilichompokea kikawa katika nchi ile ile ya mto ule ule. Mama alipopata habari alianguka chini akasema Mungu anadai chake.

Na mto huo Msomi aliujua kuliko padri yeyote. Kila mwezi darasa lao lilikwenda na chupa kuchota maji ya kupima. Juu kidogo ya mahali pa mahujaji, bomba la mji lilikuwa likitapika mtoni kila kilichotoka vyooni. Matone machache aliyoyaweka kwenye kisahani cha maabara yaliota usiku mmoja madoa ya njano na kijani yenye manyoya, na mwalimu wao akamwambia avae glavu mbili. Naye mama yake alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kwenye ugoko wa kushoto alikuwa na kidonda kisichotaka kufunga. Mwanamke mwenye kidonda kama kile akiingia katika maji kama yale, mguu ungekatwa, na huo ungekuwa msiba mdogo.

Alimweleza kwa simu. Mama akajibu: "Mto unatembea, baba. Uchafu unapita."

Ndipo Msomi akabuni hila. Alijua ukali wa kinyaa chake mwenyewe, akadhani ni cha kurithi. Akasema moyoni: nitamzungusha mama katika uchafu wote wa nchi hii, nimtie kichefuchefu, akifika mtoni awe hataki hata kunawa mikono.

Baada ya pango alimpeleka kisimani. Walisema baba wa imani alichimba kisima kile. Sasa ndani yake zilielea chupa za plastiki na panya aliyevimba, na mtu mmoja alikuwa akiwanywesha wageni kwa kikombe kimoja, bila hata kukikung'uta. Msomi alimshika mama mkono akamwinamisha aone vizuri.

"Panya mmoja," mama alisema, kama mtu anayesifu. "Hapa wanajitahidi."

Akampeleka kwenye magofu ya kasri, akamsimamisha kwenye kona ya bafu la malkia, pale ambapo watalii hukojoa na jua lilikuwa limepika mkojo tangu asubuhi. Macho yakatoka machozi, si ya mama, ya Msomi mwenyewe.

"Baba, unaumwa?"

"Mama, hunusi?"

"Mwanangu, mimi nimekusomesha kwa mavi ya nguruwe. Ninuse nini?"

Mara moja tu mama alikunja uso. Walifika kwenye mteremko ambapo, kwa maneno ya kiongozi, pepo waliwaingia nguruwe elfu mbili wakatumbukia ziwani. Mahujaji wakaimba. Mama hakuimba. Alisimama akitazama maji.

"Mchungaji," akauliza, "mwenye nguruwe alifidiwa na nani?"

Mchungaji wa kanisa lao alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kulaza watoto. "Dada yangu, pale somo ni roho ya mtu."

"Roho nimeelewa. Nauliza nguruwe. Elfu mbili! Wengine walikuwa na mimba."

Basi zima lilicheka njia nzima. Msomi hakucheka. Kesho yake ilikuwa siku ya mto.

Harufu iliwapokea kabla ya maji. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, harufu ya kitu kilicholiwa juzi. Mto wenyewe ulikuwa rangi ya chai iliyosahauliwa, umetoa povu pembeni kama mdomo wa mgonjwa. Mahujaji walipewa kanzu nyeupe za kukodi. Kanzu zilitoka kwenye mwili wa kundi lililotangulia zikaingia kwenye mwili wa kundi lililofuata, zikiwa bado zinachuruzika. Nepi ya mtoto ilipita polepole, imefunguka kama ua. Na katikati ya hayo yote Mchungaji alikuwa amesimama, maji kiunoni, uso umemng'aa kwa furaha ya kweli, akizamisha watu na kuwainua, akizamisha na kuwainua. Furaha hiyo ndiyo iliyomchefua Msomi zaidi. Angekuwa mnafiki, Msomi angemwelewa.

"Nani anafuata?" Mchungaji aliita.

Mama akaanza kufungua kitambaa cha kidonda.

"Mama, funga hicho kitambaa."

"Tumeshafika, baba. Vua viatu twende."

"Twende wapi? Tuchote maji huku juu basi, juu ya bomba—"

"Juu kumezungushiwa waya," alidakia mwanamke mnene aliyeitwa Mama Kwaya kwa kuwa ndiye aliyeongoza nyimbo. Alikuwa ametoka majini sasa hivi, amelowa mpaka nywele. "Na wewe Msomi, acha maringo. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga."

"Sijavua kitu!"

"Mama yako kakuvulia, zamani."

Watu wakacheka. Kicheko hicho kikamwasha. Msomi alipanda juu ya ngazi ya mawe, akapaza sauti mpaka ndege wakaruka upande wa pili.

"Haya ni mavi! Mnanisikia? Nimeyapima kwa mikono yangu. Mnasali ndani ya choo cha mji! Mchungaji, umesimama chooni! Mama Kwaya, umemeza mavi na umesema amina!"

Wimbo ukakatika. Mama Kwaya akajifuta mdomo polepole, kwa kiganja. Mchungaji alibaki ameshikilia mzee mmoja nusu kuzama, hajui amzamishe au amwinue. Na mama yake Msomi akakaa chini kwenye jiwe, akafunika uso kwa kitambaa kilekile cha kidonda.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

Alisema taratibu, na Msomi akaona ni afadhali angempiga. Akashuka, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, ukiingia hapa mguu utakatwa. Sisemi kukutisha. Utakatwa."

"Na nisipoingia? Mimi niliahidi. Mungu alitoa kwanza, hakuniomba hata rehani. Kila ukikohoa nasema, hiyo, anakuja kuchukua chake. Unajua kulala hivyo? Ulipopanda ndege sikula siku tatu." Akashusha kitambaa. "Wewe unaogopa vidudu, baba. Mimi namwogopa anayedai."

Msomi akainuka. Akageuka akauangalia mto. Kuna kitu kilikuwa kimenasa kwenye mizizi, kikipumua juu na chini na mawimbi, na hakutaka kujua ni nini.

"Uliahidi nini hasa?" aliuliza. "Niambie vilevile ulivyosema bandani."

"Nitamzamisha kwa mkono wangu."

"Basi lala kifudifudi hapa juu ya jiwe. Kidonda kibaki kavu. Unyooshe mkono. Mimi ndiye nitakayeingia."

Mchungaji akasikia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Hapana, ndugu. Kwetu anayezamisha husimama majini. Ndivyo tulivyopokea."

"Mchungaji," mama alisema, "wakati ule bandani hukuwepo. Mkono ndio ulioahidi. Mguu haukuwa na neno."

Akajifunga tena kitambaa ugokoni, ovyo ovyo, akalala kifudifudi. Mama Kwaya, bila kuombwa, akamkalia mapaja asiteleze.

Msomi alivua shati, viatu na saa. Akafumba mdomo, akabana pua, akashuka. Ngazi ya kwanza ilikuwa na utelezi. Ya pili ililainika chini ya nyayo kama ulimi. Kwenye ya tatu maji yakamfika kifuani, vuguvugu, vuguvugu la mwili wa mtu, na hilo lilimtisha kuliko kama yangekuwa baridi. Akausogeza utosi wake chini ya mkono wa mama.

"Mwana wangu niliyerudishiwa," mama alisema, akamsukuma chini.

Akaibuka.

"Imetosha!"

"Ni mara tatu." Akamsukuma tena.

Ya tatu ilichelewa kwisha. Mkono ulimbana chini, mkono uliozoea kubana dume la nguruwe lisikurupuke, na katika giza lile Msomi alisahau akafungua mdomo.

"Hiyo ya mwisho ni ya kunitukana mbele za watu," alimsikia mama akisema alipoibuka akitapika. Karatasi laini ilikuwa imemgandia kwenye nyusi. Mahujaji wakapiga vigelegele. Mchungaji akalia waziwazi.

Mama alikuwa ameshainuka, akisogea ukingoni kwa magoti, mikono yote miwili wazi, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Njoo," alisema. "Njoo nikushike. Njoo, mwanangu."

Msomi alipanda ngazi mbili. Akajitazama: kifua, mikono, kile kilichokuwa kikimtiririka tumboni. Akakitazama kitambaa kilicholegea ugokoni kwa mama yake.

"Usiniguse, mama."

"Njoo."

"Usiniguse!"

Mama hakusikia, au alisikia asijali. Aliteremsha kwenye ngazi ule mguu usio na kidonda, akanyoosha mikono. Upande huu ukuta wa ngazi, upande ule Mama Kwaya. Msomi hakuwa na pa kukimbilia ila nyuma. Akarudi nyuma ngazi moja, akarudi ya pili, akaingia tena mpaka kifuani katika ule uvuguvugu.

"Toka huko, baba. Kwisha sasa."

"Nenda kwenye basi kwanza."

"Nikushike kidogo tu."

"Nenda kwenye basi, mama! Nitatoka ukishaingia."

 Mikono ya mama ilibaki imefunguka, kisha ikashuka yenyewe mmoja mmoja. Akakaza kitambaa cha kidonda, akaokota shati la mwanawe na saa yake, akaanza kupanda kuelekea basi, akichechemea, bila kugeuka.

Msomi alisubiri mlango wa basi ufungwe. Chini ya maji kitu laini kilimgusa paja, kikakaa. Hakutazama.